Usishuke Shimoni

Mwanamume aliyekuwa akivuka barabara ya soko saa tatu asubuhi, simu ameibana kati ya sikio na bega, hakuliona shimo. Aliona mikokoteni, mafurushi ya nguo, mwanamke aliyebeba kuku watatu kichwa chini, na pikipiki iliyomkosa kidogo. Utepe wa njano uliozunguka chemba ya kebo ulikuwa umekanyagwa na umati tangu alfajiri. Mguu wake wa kulia ulikuwa tayari hewani alipohisi mkono umemshika mkanda wa suruali na kumvuta nyuma kwa nguvu. Akakaa kitako juu ya rundo la kebo.

"We kaka, unakwenda wapi? Huko chini hakuna njia."

Aliyemvuta alikuwa msichana mwembamba aliyevaa ovaroli la bluu lililokunjwa mikono, kizibao cha rangi ya chungwa kinachong'aa, na kofia ngumu juu ya nywele zilizosukwa. Wenzake wawili walicheka hadi mmoja akashika mbavu.

"Simu yangu!" mwanamume alisema, akipapasa.

Simu ilikuwa imetumbukia. Msichana alishuka ngazi ya chuma, akapotea, akarudi na simu sikioni.

"Dada," aliiambia simu, "hapana, hajafika. Lakini yuko hai." Akamkabidhi. "Anasema umechelewa siku ya kwanza ya kazi."

"Ni dada yangu mkubwa. Asante sana. Unaitwa nani?"

"Hawa wananiita Uzi."

"Kwa sababu ya wembamba?"

"Kwa sababu ya kazi. Naunga nyuzi za faiba, zile za kioo zinazopitisha simu na intaneti. Wembamba ni nyongeza tu."

Mwanamume alijikung'uta vumbi, kisha akanyoosha kidole kwenye gari lao. "Kipimo cha hewa chenu kinaning'inia kwenye kioo cha gari. Kabla ya kushuka mlipima hewa ya humo ndani?"

Uzi alimtazama kuanzia viatu vilivyopakwa rangi vizuri hadi shati jeupe lenye alama ya vumbi. "Wewe uliyetaka kuingia bila hata kuangalia chini, ndiye unayeniuliza habari ya hewa?"

Alasiri, msimamizi aliwakusanya mafundi wote kituoni ili wamwone afisa mpya wa afya, atakayewapima na kuangalia kama kazi inawaumiza. Afisa alipogeuka kuwasalimu, vumbi la rundo la kebo lilikuwa bado limekaa nyuma ya suruali yake. Kicheko kilichozuka hapo kilimfanya msimamizi aulize mara mbili kuna nini, na hakuna aliyemwambia.

*

Walimpa jina la Daktari, ingawa alikuwa amewaambia mara kumi kwamba yeye si daktari. Kliniki yake ilikuwa kontena jeupe nyuma ya ghala: feni moja, meza, bomba la kupulizia la kupimia mapafu, na kibanda cha kupimia masikio chenye ukubwa wa kabati la nguo. Humo alipima masikio ya wanaokaa na jenereta, presha ya wanaopanda minara, mapafu ya wanaoshuka kwenye chemba, na macho ya wanaounga nyuzi. Jioni alimpigia simu mmoja wao tu.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Uliosha mikono kwanza?"

"Daktari wa kontena, niliosha."

"Vile vipande vya kioo vya nyuzi zako havionekani, mpenzi. Kikiingia tumboni..."

"Wasichana wenzangu wanaambiwa wanapendwa. Mimi naambiwa nioshe mikono."

"Sasa unadhani nimekuambia nini?"

Uzi alicheka peke yake, amelala chali, simu kifuani. Alimpenda kwa namna iliyomshangaza. Alipenda anavyosikiliza kichwa kikiwa upande, anavyokunja leso yake mara nne, anavyoona aibu akisifiwa. Wakatembea pamoja Jumapili, wakala mahindi ya kuchoma wamesimama, wakagombania karanga. Uzi na gauni lake la kijani lenye vifungo vya mbele, Daktari na shati lake jeupe lisilozeeka.

Mwezi wa tatu wa mapenzi yao, uvimbe ulimtoka Uzi chini ya taya. Haukuuma. Ulikua mpaka ukafikia ukubwa wa punje ya kunde, kisha wa zabibu, kisha ukapata jirani. Alikwenda kwenye kituo cha afya cha upande wa pili wa mji, asikojulikana. Wakamchoma sindano, wakachukua majimaji, wakamwita baada ya wiki. Muuguzi alimwambia ni TB ya tezi, kwamba aina hiyo haimwambukizi mtu, kwamba inapona kabisa kwa miezi sita. Alimpa vidonge vikubwa vyenye dawa nne ndani yake, akamweleza mengi. Uzi alishika moja tu, kwamba mkojo utabadilika uwe na rangi ya chungwa asishtuke. Mengine yalimpita, maana alikuwa analia.

Hakumwambia mtu ila mama yake, ambaye waliishi pamoja wawili tu. Kazini alimkumbuka fundi wa minara aliyekohoa wiki tatu akaambiwa akapumzike, na nafasi yake ikajazwa kabla kikohozi hakijaisha. Hilo lilitokea kabla Daktari hajaajiriwa, lakini hakuna fundi aliyelisahau. Na Daktari mwenyewe? Huyo ndiye ambaye Uzi alimwogopa kuliko wote. Alijua watu wakisikia herufi hizo mbili hawangoji kusikia neno "tezi". Akanunua skafu tatu: nyeusi, ya maua, na ya hariri ya zambarau.

"Joto lote hili na skafu?" Daktari alimuuliza.

"Vumbi la chemba linanikwaruza koo."

"Njoo nikuangalie koo."

"Utaniangalia siku ya kupimwa. Foleni ni foleni."

Hakumruhusu afike kwao. Kila alipomwomba, alisema Mama hajisikii kupokea wageni.

*

Siku ya vipimo vya mwaka ilikuwa Jumanne. Alfajiri Uzi alisimama mlangoni mwa jiko na kichupa mkononi.

"Mama, naomba mkojo."

Mama alisimamisha kikombe cha maji mdomoni. "Unaomba nini?"

"Mkojo. Kidogo tu. Wangu una rangi ya soda, Daktari akiuona atajua natumia dawa gani."

"Nimekuzaa, nikakunyonyesha, nikakusomesha. Nilidhani nimemaliza kutoa."

"Mama, tafadhali!"

"Na wakigundua wewe una miaka hamsini na mitatu?"

"Mkojo hausemi umri."

Mama alicheka, akamaliza kikombe, akajimiminia kingine kutoka kwenye jagi. Alikuwa amekonda siku hizi na alijivunia. Gauni alilokuwa ameliweka miaka mingi lilimtosha tena. Alichukua kichupa akaenda nacho uani, akijivuta kidogo kama mtu ambaye usiku haukumtosha. "Lakini mwambie huyo kijana," alisema aliporudi. "Mtu wa kukuosha mikono kwa simu kila siku hawezi kukukimbia kwa vidonge."

"Utamjua wewe kuliko mimi?"

"Mimi nasikia upande wako tu, na bado nimemjua."

Ndani ya kontena, Daktari alikuwa Daktari. Hakumtania. Alimpima presha, akampulizisha bomba, akamfungia kwenye kibanda cha masikio, akapokea kichupa kwa glovu na kukibandika namba. Kisha akafungua kitabu cha kupimia rangi, kile chenye kurasa za nukta nyingi na tarakimu zilizofichwa katikati.

"Huu?"

"Kumi na mbili."

Akageuza. "Huu?"

Uzi aliona nukta. Nukta tu. Wiki iliyopita, akiwa chini ya ardhi na taa kichwani, alikuwa ameshika nyuzi mbili akashindwa kujua ipi ya kijani na ipi ya kahawia. Alimuuliza mwenzake kwa mzaha, akajiambia ni uchovu.

"Uzi? Unaona nini hapo?"

"Msimamizi ananiita," alisema akisimama.

"Sijasikia mtu akikuita."

"Basi ndiyo maana mimi nimefaulu masikio na wewe hujapimwa." Alitabasamu kwa shida, akachukua kofia yake, akatoka. Daktari alibaki na kitabu wazi mkononi.

Saa tisa alipima vichupa vya siku ile. Kijiti cha kupimia alichochovya kwenye kichupa cha Uzi kilibadilika rangi kabla hajahesabu hadi kumi. Alitupa, akachukua kingine, akarudia. Sukari imepita kipimo cha mwisho. Na pembeni yake ketoni, asidi ambayo mwili huitoa ukishindwa kutumia sukari, rangi ya zambarau iliyokolea. Alikaa. Aliwahi kuona rangi hizo hospitalini, kwa watu walioletwa wamebebwa.

Alipiga simu. Haikupokelewa. Alipiga tena, na tena. Kwa upande wake Uzi aliitazama simu ikitetemeka juu ya kiti cha gari kama kitu kitakachomng'ata. Aliamini anapigiwa kwa ajili ya kitabu kile. Jioni, amekaa kwenye ngazi za nyumbani, alisoma ujumbe mmoja baada ya mwingine.

*Nipigie tafadhali.*

*Si jambo la kuandika hapa. Nipigie.*

*Kesho usishuke shimoni. Nakuomba. Usishuke.*

Alizima simu. Ndani, Mama alisema hana hamu ya kula, anataka kulala mapema. Uzi alimsikia akijimiminia maji, na kwa kuwa kichwa chake kilikuwa kimejaa mambo mengine, hakulifikiria.

*

Asubuhi chemba ilikuwa imefunguliwa, pampu imemaliza kutoa maji, na Uzi alikuwa anafunga mkanda wa usalama msimamizi alipomwekea mkono begani.

"Leo hushuki."

"Kwa nini?"

"Nimepigiwa simu kutoka kontena. Nimeambiwa hufai kushuka mpaka urudi kupimwa. Sababu sikuambiwa."

Wenzake waligeuka upande mwingine, kila mmoja akajitafutia kazi ghafla. Uzi alihisi uso unawaka. Alikuwa bado amesimama pale, mkanda umefungwa nusu, Daktari alipotokea mbio kutoka kona, shati limetoka kwenye suruali.

"Kwa nini hupokei simu?"

"Umefanya nini?" alisema Uzi. "Niambie tu, umefanya nini?"

"Njoo tukae kwenye gari."

"Siendi kwenye gari! Umeniaibisha mbele ya watu, sema mbele ya watu!"

"Siwezi kusema mbele ya watu. Ni yako hii. Si ya kwao."

"Miezi mingapi unaniambia unanipenda? Kisha unampigia msimamizi kabla hujaongea na mimi?"

"Nimekupigia mara thelathini na moja! Na kwenu sipajui!"

"Ungengoja!"

"Singeweza kungoja." Alimsogelea mpaka pale ambapo wengine hawakuweza kusikia. "Sukari. Sukari kwenye mkojo wako imepita kipimo. Na ketoni juu yake. Nilirudia mara mbili. Mtu mwenye rangi zile anaweza kulala asiamke, unanielewa? Nimeshindwa kupata usingizi nikikuwaza umelala. Na unataka nikuache ushuke mita tatu chini ya ardhi uzimie huko?"

Uzi alimtazama kama mtu anayesikiliza lugha ngeni.

"Sukari?"

"Husikii kiu? Hujachoka? Hukondi?"

Kikombe. Jagi. Gauni lililotosha tena.

"Mama," alisema Uzi.

"Nini?"

"Si wangu. Ule mkojo si wangu, ni wa Mama."

Daktari aligeuka kwa msimamizi, na msimamizi, aliyekuwa ameona uso wa Uzi, alikwisha kurusha funguo za gari.

Simu ya Mama iliita mpaka ikakatika. Ikaita tena. Mbele yao lori la saruji lilikuwa limesimama katikati ya makutano na magari yanapiga honi bure. Daktari alipandisha gari kwenye ukingo wa barabara, akapita kando ya vibanda vya matunda, watu wakamtukana. Uzi alipiga, akapiga. "Pokea, Mama. Pokea tu. Pokea unitukane."

"Asubuhi ulimwacha vipi?"

"Alikuwa amelala. Nilidhani amechoka. Nilifunga mlango polepole nisimwamshe." Alijipiga paja kwa ngumi. "Polepole nisimwamshe!"

Walimkuta sakafuni, kati ya kitanda na mlango, jagi limeanguka na maji yamelowesha kanga. Alikuwa anapumua kwa nguvu na haraka kama aliyekimbia, na pumzi yake ilinukia matunda yaliyoiva kupita kiasi. Macho yalifunguka kidogo, yakafunga. Daktari alimbeba mikononi, mwili mwepesi ambao jana ulikuwa unajivunia wepesi wake, akashuka naye ngazi huku Uzi akifungua njia.

*

Saa saba mchana daktari wa wodi alitoka akawaambia Mama ana kisukari ambacho huenda alikuwa nacho siku nyingi, kwamba dripu na insulini vimeanza kufanya kazi, kwamba ameuliza nani amefunga mlango wa nyumba. "Mngekuja jioni," alisema, kisha akaona uso wa Uzi na hakumalizia.

Walikaa kwenye benchi la ukutani. Mfagiaji alipita na ndoo yake. Daktari alikuwa ameinamia viganja vyake.

"Ulinipa mkojo wa mtu mwingine."

"Ndiyo."

"Mimi."

"Ndiyo. Wewe."

"Kila kazi ninayoifanya katika kontena lile inategemea kitu kimoja, kwamba anayekaa kwenye kile kiti hanidanganyi. Ningeweza kukupa dawa za kukuua."

"Najua."

"Basi kwa nini?"

Uzi alifungua skafu ya zambarau, akaikunja juu ya mapaja yake. Uvimbe ulikuwa umepungua lakini ulionekana, mmoja mkubwa na mwingine mdogo, na kovu la sindano. "TB ya tezi. Mwezi wa pili wa dawa. Mkojo wangu una rangi ya chungwa. Ungejua kwa kuangalia tu."

Hakumtazama usoni. Alitazama viatu vya Daktari, aone kama vitarudi nyuma. Viatu havikurudi. Daktari alisogea karibu, akainama kuangalia shingo kama fundi anavyoangalia kebo iliyochubuka, kisha akajikuta anafanya kazi na akaona aibu.

"Hii haiambukizi," alisema.

"Najua."

"Najua unajua. Najisemea mwenyewe, moyo utulie." Akainua uso, akamtazama machoni. "Jana ulikimbia kitabu. Macho yana nini?"

Daktari alitazama mfuko wa ovaroli la Uzi, palipochomoza kipande cha kebo kilichokatwa. Alikichukua, akavua ganda la nje kwa kucha, akatandaza nyuzi zenye rangi kwenye kiganja.

"Hii?"

"Kijani."

Ilikuwa ya kahawia.

"Hii?"

"Kahawia... Sijui. Zinafanana." Machozi yalimshuka bila kwikwi. "Nilikuwa naziunga nimefumba macho, unajua? Walinishindanisha na mafundi wa mikoa yote. Sasa sijui."

Daktari alizikunja nyuzi kwenye leso. "Inuka. Kitengo cha macho kiko jengo hili hili."

Daktari wa macho, mama mmoja mwenye miwani mbili, moja kichwani na nyingine puani, alimpima kwa nusu saa. Dawa moja kati ya zile nne, alieleza, kwa watu wachache hugusa mshipa wa jicho. Aliandika barua kwa kituo chake cha TB, akapiga na simu papo hapo. Dawa hiyo ikome leo, zilizobaki ziendelee. "Ungengoja wiki chache zaidi nisingekuahidi kitu," alisema. "Sasa nakuambia hivi: wengi hurudiwa na rangi zao. Si wote."

Nje ya mlango Uzi alimshika Daktari mkono. "Usiliandike hili kazini."

"Nitaandika kwamba kwa sasa usiunge nyuzi wala usishuke kwenye chemba. Sababu sitaiandika. Hiyo haiwahusu."

"Wataniondoa."

"Nitapigana wasikuondoe."

"Wewe andika tu nimefaulu. Miezi miwili. Nitakuwa makini."

"Ukikosea uzi mmoja, watu wanapiga simu ya dharura na haiiti. Unalijua hilo kuliko mimi." Akautoa mkono wake polepole. "Siwezi kuandika uongo juu ya macho yako. Nichukie ukitaka."

Hakumchukia. Lakini siku ile hakumuaga pia.

*

Walimhamishia Uzi ghalani. Alipima mizunguko ya kebo mpya kwa mashine inayosoma tarakimu, kazi isiyohitaji rangi, akiwa peke yake kati ya magurudumu ya mbao yaliyomzidi urefu. Mama alirudi nyumbani siku ya sita, akajifunza kujichoma sindano, akaanza kugombana na kila aliyemletea keki. Daktari alikuja kumwona mara moja. Alikaa ukingoni mwa kiti, akajibu maswali, akaondoka mapema. Simu zake zikapungua. Alipopiga alisema yuko makao makuu, ana shughuli. Kesho yake tena makao makuu.

Wiki ya tatu ilikuja barua. Uzi aliisoma amesimama kati ya magurudumu.

*Kwa maombi ya afisa afya wa kituo chenu, kuanzia tarehe ya barua hii utapimwa na afisa wa kituo cha pili.*

Aliisoma tena. Kwa maombi ya afisa afya. Akakaa juu ya kebo. Siku ile hospitalini viatu havikurudi nyuma. Vimerudi leo, kwa karatasi yenye mhuri. Alipiga simu yake, ilikuwa imezimwa. Hapo kitu ndani yake kikageuka kutoka uchungu kuwa moto.

Nje ya kontena wapandaji minara wanane walikuwa kwenye foleni.

"Dada, kuna foleni."

"Mimi leo sina foleni."

Alifungua mlango kwa bega. Ndani ya kibanda cha masikio kulikuwa na jibaba lenye ndevu, limevaa spika za masikioni, linasubiri mlio. Daktari alikuwa kwenye mashine, simu yake imezimwa mezani.

"Umeniomba niondolewe," alisema Uzi, barua juu. "Ungeniambia mdomoni. Ungesema tu, Uzi, nimeogopa, nimeshindwa. Ningelia siku mbili nikanyamaza. Lakini barua? Mimi ni jenereta bovu, mnanihamisha kituo?"

"Imefika kabla yangu," Daktari alisema akisimama. "Nilitaka nikuambie mwenyewe Jumamosi. Waliniambia itachukua mwezi."

"Uniambie nini? Kwamba TB..."

"Soma ya kwangu." Alivuta droo, akatoa nakala yenye alama ya kukunjwa mara nne. "Walikataa mara mbili. Wanasema afisa hawezi kumkataa mfanyakazi bila sababu. Ndiyo maana nilikuwa makao makuu kila siku."

Uzi aliisoma. Kwenye mstari wa sababu, kwa mwandiko ule mdogo ulionyooka, palikuwa pameandikwa: *Nampenda. Natarajia kumuoa. Mume hawezi kumpima mkewe na kumwandikia anafaa au hafai. Nimejaribu mara moja na sitaki kurudia.*

Feni ilizunguka. Uzi alisoma mara ya pili, kwa sababu mara ya kwanza macho yalijaa.

"Uliandika utanioa kwenye fomu, kabla ya kuniambia mimi?"

"Fomu ilikuwa na nafasi ya sababu."

"Nani amesoma hii?"

"Karani. Mkuu wake. Mkuu wa utumishi, aliyepiga mhuri."

"Kwa hiyo mhuri umejua kabla yangu."

"Niligoma kuandika uongo," alisema Daktari, jasho likimtoka kwenye paji la uso. "Sasa mhuri hauna la kujibu. Wewe unalo."

"Na rangi zisiporudi? Nikibaki kuhesabu kebo ghalani maisha yangu yote?"

"Nitakuuliza rangi ya shati langu kila asubuhi na nitavaa utakachosema."

"Una mashati meupe tu."

"Basi hatutagombana."

Alitaka kukasirika kidogo zaidi, alikuwa amejiandaa njia nzima, lakini kicheko kilimponyoka kikachanganyika na kilio. "Uliza basi. Kwa mdomo, kama watu."

Akamuuliza. Hakupiga magoti, hapakuwa na nafasi kati ya meza na kibanda. Alimshika mikono yote miwili, akalitaja jina lake halisi, lile la shuleni, ambalo hakuna fundi aliyewahi kulisikia.

"Ndiyo," alisema Uzi. "Lakini Mama utamwambia wewe. Mimi bado nina deni la kichupa kwake."

Mlango wa kibanda ulifunguka. Jibaba lilitoa kichwa, spika zimeshuka shingoni. "Daktari, mlio wa mwisho sikuusikia. Huyu dada analia sana."

"Utarudia kesho," Daktari alisema bila kugeuka.

Walioana mwaka huo huo, wakati Uzi akiwa amemaliza vidonge vyake na skafu zote tatu amempa Mama. Rangi zilimrudia polepole: nyekundu kwanza, kisha kijani, na kahawia ikachelewa mpaka karibu akate tamaa. Afisa wa kituo cha pili, mwanamke asiyetabasamu, alimgeuzia kurasa za kitabu kile mara nne katika miezi minane, na mara tatu za kwanza alimwambia bado. Mara ya nne alifunga kitabu, akagonga mhuri, akamwambia aende kazini.

Uzi alitoka nje kwenye jua, akapiga simu.

"Sema," Daktari alisema. Alisikika kama mtu aliyekuwa ameishika simu tangu asubuhi.

"Kesho nashuka," alisema mkewe.